Umeme Wenye Wenyewe

Ushirika wa umeme vijijini ni chombo cha kusambaza umeme kinachomilikiwa na watu walewale wanaoutumia. Anayeunganishiwa nyumba yake huwa mwanachama, mwenye kura moja katika mkutano mkuu na haki katika ziada inayobaki hesabu za mwaka zikifungwa. Hakuna mwekezaji wa mjini anayesubiri gawio, wala wizara inayomteua meneja. Nguzo, nyaya, transfoma, magari ya mafundi na ofisi ya kulipia ankara ni mali ya wanachama wote. Na madeni ni yao vilevile.

Ushirika wa namna hii umeota mizizi zaidi nchini Marekani, nchi inayojulikana kwa makampuni makubwa ya watu binafsi. Vyama vya umeme vya huko vinakaribia 900. Vinahudumia watu wapatao milioni 42 katika majimbo 48, na eneo lao la huduma ni zaidi ya nusu ya ardhi yote ya nchi. Ukilinganisha idadi hiyo ya watu na ukubwa wa eneo, utaona mara moja kwa nini vyama hivi viliundwa. Vilizaliwa na hesabu ya umbali.

Kilomita moja ya laini ya umeme inahitaji nguzo na waya zilezile, iwe inapita penye nyumba mia au penye nyumba moja. Mjini, mamia ya wateja husaidiana kulipa gharama hiyo. Shambani, laini huvuka malisho, msitu na korongo kabla ya kufika mlango wa kwanza, na mwenye mlango huo pengine anawasha taa tatu na redio. Anayetafuta faida akipiga hesabu hiyo, laini yake huishia mpakani mwa mji. Hata leo vyama vya ushirika vya Marekani vina wastani wa wateja 8 hivi kwa kila maili ya laini, wakati kampuni za wenye hisa zina zaidi ya 30.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, nyumba 9 kati ya kila 10 katika miji ya Marekani zilikuwa na umeme. Mashambani ilikuwa kinyume chake: takriban shamba 1 kati ya 10. Maji yalichotwa kisimani kwa ndoo, nguo zilifuliwa kwa mkono na kupigwa pasi za chuma zilizopashwa moto jikoni, na ng'ombe walikamuliwa gizani kwa taa ya mafuta ya taa. Maziwa yaliharibika kwa kukosa ubaridi. Mkulima aliyekwenda kuomba umeme kwenye kampuni aliambiwa alipie laini yote mwenyewe, kisha alipe kila uniti kwa bei ya juu kuliko ya mjini.

Jaribio la awali lililofanikiwa lilifanyika Corinth, jimboni Mississippi, mwaka 1934. Wakazi wa wilaya ya Alcorn waliunda chama chao, wakanunua umeme wa jumla kutoka mamlaka ya serikali ya bonde la mto Tennessee, TVA, na kuwauzia wanachama mjini na mashambani. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 1935, Rais Franklin D. Roosevelt alianzisha kwa amri yake Wakala wa Umeme Vijijini, REA, na kumweka mhandisi Morris Llewellyn Cooke kuuongoza. Tarehe 20 Mei 1936 wakala huo ukapata sheria yake, iliyosimamiwa bungeni na Seneta George Norris wa Nebraska na Sam Rayburn wa Texas.

Cooke alitarajia kwamba mikopo nafuu ya serikali ingezivuta kampuni za umeme kwenda mashambani. Kampuni hazikuona haraka yoyote. Kwa maoni yao, wakulima walioweza kulipia umeme walikwishaupata. Wakulima wenyewe ndio waliojitokeza. Wengi wao walikuwa na uzoefu wa ushirika katika kuuza nafaka, maziwa na pamba, na walijua namna ya kuitisha mkutano, kuandika katiba na kuchagua bodi. Katika miaka michache ushirika ukawa ndiyo njia kuu ya kupeleka umeme vijijini.

Chama kilianza kwa kupita nyumba hadi nyumba. Waasisi waliwaandikisha majirani kwa kiingilio ambacho kwa kawaida kilikuwa dola 5, fedha ya kutosha kumfanya mkulima wa miaka ile ya dhiki afikiri mara mbili. Kisha walichora ramani ya nyumba zilizokubali, wakaomba ruhusa ya kupitisha nguzo katika mashamba ya watu, na kupeleka maombi ya mkopo Washington. Wakala ulitaka kuona angalau mashamba matatu kwa kila maili. Kulikuwa pia na hujuma: kampuni nyingine, zikisikia ushirika unaundwa, ziliharakisha kuvuta laini hadi kwa wakulima wachache wenye uwezo, ili wanaobaki wasitoshe kubeba mkopo.

Mfano unaoonyesha ugumu wa hesabu hiyo ni ushirika wa Pedernales, katika nchi ya vilima ya Texas. Mbunge wa eneo hilo alikuwa kijana Lyndon Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais. Nyumba za huko zilitawanyika kiasi kwamba sharti la mashamba matatu halikuweza kutimizwa. Johnson alikwenda kwa Roosevelt mwenyewe kuomba sharti lilegezwe, akakubaliwa. Mwaka 1938 chama kikapewa mkopo wa zaidi ya dola milioni 1.3 wa kujenga laini ya kilomita zaidi ya 2,900 kwa familia karibu 2,900, yaani takriban familia moja kwa kila kilomita. Taa zilianza kuwaka mwaka 1939. Leo Pedernales ndicho chama kikubwa kuliko vyote vya kusambaza umeme nchini humo, kikiwa na mita zaidi ya 400,000, kwa sababu mji wa Austin umepanuka hadi ndani ya eneo lake.

Mkopo pekee usingetosha kama gharama ya ujenzi isingeshushwa. Kampuni zilikuwa zikijenga laini za mashambani kwa dola 1,500 hadi 2,000 kwa maili. Wahandisi wa REA walisanifu laini nyepesi: waya imara zaidi iliyoruhusu nguzo zikae mbalimbali, vifaa vya aina moja kwa nchi nzima, na vikosi vya ujenzi vilivyofuatana kwa zamu, kimoja kikichimba mashimo, kingine kikisimamisha nguzo, kingine kikivuta waya. Bei ikashuka chini ya dola 1,000 kwa maili. Mwaka 1944 sheria ikaweka riba ya asilimia 2 na muda wa miaka 35 wa kulipa. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, zaidi ya mashamba 9 kati ya 10 yalikuwa na umeme.

Uendeshaji wa chama haujabadilika sana tangu wakati huo. Mamlaka ya juu ni mkutano mkuu wa mwaka. Kila mwanachama ana kura moja, awe mwenye kiwanda cha kukata mbao au mjane mwenye friji na taa mbili. Wanachama huchagua wajumbe wa bodi, mara nyingi kwa kanda, ili upande mmoja wa wilaya usiumeze mwingine. Bodi hupanga bei, hupitisha bajeti na kuajiri meneja. Meneja huajiri wahandisi, mafundi wa laini, wasoma mita na watu wa ofisini. Mjumbe wa bodi naye ni mtumiaji. Bei anayoipitisha ataikuta kwenye ankara yake mwenyewe, na jirani aliyekatikiwa umeme atamkuta dukani au kanisani.

Vyama vingi havizalishi umeme. Hununua kwa jumla, huupokea kwenye kituo cha kupoza, kisha huusambaza kwa laini zao hadi nyumbani. Ili visiwe vinyonge mbele ya wauzaji wakubwa, vyama vidogo vimeungana na kuunda vyama vya ngazi ya pili, zaidi ya 60 kwa sasa, vinavyomiliki mitambo na njia kuu za kusafirisha umeme. Kingine, kilichoanzishwa mwaka 1969, ni chama cha fedha kinachokusanya mitaji sokoni na kuvikopesha vyama wanachama. Juu ya hivyo upo muungano wa taifa, NRECA, ulioundwa mwaka 1942 kutetea maslahi ya vyama mbele ya Bunge na kutoa mafunzo. Kwa watu wa Kilimanjaro ngazi hizi si ngeni: vyama vya msingi vya kahawa vilivyo chini ya muungano wao, KNCU, ulioandikishwa mwaka 1933, vilipangwa kwa mantiki hiyohiyo ya wadogo kujenga chombo kikubwa kilicho chao.

Jambo linaloutofautisha ushirika na kampuni zaidi ya yote ni namna unavyoshughulikia ziada. Chama hutoza bei inayotosha kulipia umeme ulionunuliwa, mishahara, matengenezo na mkopo, pamoja na akiba kidogo. Mwaka ukiisha na fedha zimebaki, ziada hiyo hugawanywa kwenye vitabu kwa jina la kila mwanachama, kulingana na umeme aliolipia. Tuseme mwanachama ametumia umeme wa dola 1,500 kwa mwaka, na ziada ya chama ni senti 6 kwa kila dola ya mauzo. Jina lake litaandikiwa dola 90.

Dola hizo hazilipwi papo hapo. Chama huzitumia kama mtaji wa kubadilisha nguzo zilizooza, kuongeza transfoma na kupunguza haja ya kukopa. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi 15 hadi 30, bodi ikiona hali ya fedha ni nzuri, hurudisha mtaji wa miaka ya zamani kwa hundi au kwa kupunguza ankara. Mwanachama akifariki, vyama vingi huwalipa warithi wake mapema. Hivyo kila kizazi cha watumiaji hukikopesha chama bila riba, na kizazi kinachofuata hulipa. Utaratibu huu unahitaji kumbukumbu zilizotunzwa kwa miongo, na hapa ule msemo wa mali bila daftari kupotea bila habari unachukuliwa kwa uzito wake wote. Sheria ya kodi nayo inaulinda mradi chama kibaki cha wanachama: ili kisamehewe kodi ya mapato ya serikali kuu, angalau asilimia 85 ya mapato yake lazima yatoke kwa wanachama wenyewe.

Huduma ya kila siku ni kazi ya kupambana na miti, hali ya hewa na masafa. Laini ndefu yenye watu wachache ina sehemu nyingi za kukatika na wachache wa kugharimia ukarabati. Sehemu kubwa ya bajeti huishia kwenye kufyeka njia za laini, kukagua nguzo na kuweka vifaa vinavyotenga sehemu yenye hitilafu ili laini nzima isizimike. Dhoruba ikipita, vyama husaidiana. Mwaka 2005 Kimbunga Katrina kilipoangusha maelfu ya nguzo Mississippi na Louisiana, mafundi wa vyama vya majimbo mengine walikwenda na magari na vifaa vyao kujenga upya laini za wenzao. Ujenzi wa viwango vinavyofanana ulioanza miaka ya 1930 unarahisisha msaada huo, maana fundi wa Georgia anayajua maungio atakayoyakuta kwenye nguzo ya Mississippi.

Chama kikishakuwa na ofisi, magari, wataalamu na orodha ya kila kaya, jamii huanza kukitazamia makubwa kuliko umeme. Hapo mwanzo kazi ya ziada ilikuwa kufundisha matumizi: REA ilizungusha hema la maonyesho ambamo wakulima walionyeshwa pampu za maji, mashine za kukamulia na majiko ya umeme, kwa kuwa laini yenye watumiaji wa taa tu isingelipa mkopo wake. Tangu miaka ya 1960 vyama hupeleka vijana wa shule Washington kila mwaka kujifunza namna serikali inavyofanya kazi. Mwaka 1989 chama cha Palmetto, South Carolina, kilianzisha mpango wa kuongeza senti za ankara hadi dola kamili. Ankara ya dola 52 na senti 35 inalipwa dola 53, na zile senti 65 zinaingia kwenye mfuko wa kusaidia wagonjwa, wazee na waliounguliwa nyumba. Vyama vingi sana vimeuiga mpango huo.

Kazi mpya zaidi ni intaneti. Kampuni za mawasiliano ziliacha vijiji kwa sababu ileile iliyozuia umeme, yaani nyumba chache kwa maili. Vyama vya umeme vilikuwa na nguzo, haki ya kupita kwenye mashamba na mafundi wa kupanda nguzo, na zaidi ya 200 kati yao vimepitisha nyaya za mkongo hadi majumbani au kushirikiana na wengine kufanya hivyo.

Mfumo huu una udhaifu wake, na mkubwa ni kulala kwa wenye mali. Katika vyama vingi, wanaopiga kura kuchagua bodi hawafiki asilimia 10 ya wanachama. Mikutano mikuu huvutia watu kwa chakula, zawadi na punguzo la ankara ili akidi itimie. Wanachama wasipokuja, wajumbe hukaa kwenye bodi miaka 20 au 30, hujipangia posho na kuteuana. Pedernales penyewe palikumbwa na jambo hilo: mwaka 2008, baada ya wanachama kushtaki na malalamiko juu ya matumizi ya fedha kufika kwenye vikao vya mabunge, uongozi ulibadilika na uchaguzi ukafunguliwa kwa wagombea wa kawaida. Kusini mwa Marekani, wanachama weusi walilipa ankara kwa miongo bila kuwa na mtu wao kwenye bodi, na katika baadhi ya wilaya wanaharakati bado wanalipigania suala hilo. Kura moja kwa kila mwanachama ni haki iliyoandikwa. Haijitekelezi yenyewe.

Udhaifu wa pili ni mikataba mirefu. Vyama vya ngazi ya pili viliwekeza sana kwenye makaa ya mawe miaka ya 1970 na 1980, na kuvifunga vyama vidogo kununua karibu umeme wote kutoka kwao kwa miongo. Umeme wa jua uliposhuka bei, baadhi ya vyama vidogo vilijikuta havina ruhusa ya kuuzalisha zaidi ya kiwango kidogo. Chama cha Kit Carson cha Taos, New Mexico, kilijitoa kwenye mkataba wake mwaka 2016 kwa kulipa dola milioni 37, kisha kikajenga mitambo ya jua inayotosheleza mahitaji yake ya mchana. Wa tatu ni uzito wa hasara. Februari 2021 baridi kali ilipoupiga mfumo wa umeme wa Texas, bei ya jumla ilipanda kupita kiasi, na ushirika wa Brazos, uliokuwa ukivinunulia umeme vyama 16, ukadaiwa karibu dola bilioni 2 kwa siku chache. Tarehe 1 Machi uliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi. Mwenye hisa wa kampuni hupoteza fedha alizowekeza. Mwanachama wa ushirika hulipa kupitia ankara.

Nje ya Marekani, muundo huu umefika mbali kwa ushauri wa NRECA na mikopo ya wafadhili. Costa Rica ilianza kuunda vyama vyake vinne katika miaka ya 1960, na vyote bado vipo, baadhi vikizalisha umeme wao wa maji. Ufilipino ilifuata kwa sheria ya mwaka 1969 na leo ina vyama zaidi ya 100. Bangladesh ilianzisha bodi yake ya umeme vijijini mwaka 1977. Vyama vyake 80 vinahudumia mamilioni ya kaya chini ya usimamizi mkali wa bodi hiyo, unaotazama hesabu, viwango vya ujenzi na umeme unaopotea njiani.

Afrika Mashariki ilichukua njia nyingine. Tanzania na Kenya zilitegemea shirika la umeme la taifa, kisha zikaunda wakala wa kuchangia gharama za vijijini. Tanzania ilipitisha sheria ya wakala wake mwaka 2005, na Kenya mwaka 2006. Hata hivyo ushirika ulijaribiwa. Huko Urambo, mkoani Tabora, wakazi waliunda ushirika wa watumiaji umeme katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa Sweden. Mashine za dizeli ziliwashwa saa chache za jioni. Wanachama walilipa kwa uniti bei kubwa kuliko ya TANESCO, shirika la taifa, na bado walijiunga, kwa sababu mafuta ya taa na betri viliwagharimu zaidi na jioni yenye taa iliongeza saa za biashara. Bei ya dizeli ndiyo iliyoukaba ushirika huo: kila lita ililetwa kutoka mbali. Uganda nayo, baada ya sheria yake ya umeme ya mwaka 1999, ilitoa leseni kwa vyama kama kile cha Bundibugyo magharibi na kile cha Pader na Abim kaskazini, vilivyosambaza umeme wa gridi kwenye laini zilizojengwa na serikali.

Ukilinganisha nchi hizi, masharti ya kufaulu yanajirudia. Ushirika unahitaji mkopo wa muda mrefu wenye riba ndogo, kwa kuwa nguzo hudumu miaka 40 wakati mkopo wa benki ya biashara hudai kulipwa ndani ya michache. Unahitaji umeme wa jumla wa bei nafuu. Corinth ilikuwa na mabwawa ya TVA nyuma yake, na Urambo ilikuwa na mapipa ya dizeli. Unahitaji viwango vya ufundi na ukaguzi wa hesabu kutoka nje ya chama, kama ule wa REA au wa bodi ya Bangladesh. Unahitaji matumizi yenye kuzalisha mali, kama pampu, mashine za kusaga na vyumba vya ubaridi, ili laini ijilipe. La mwisho haliletwi na serikali wala mfadhili: wanachama wanaohudhuria mkutano mkuu, wanaosoma taarifa ya fedha na kumwondoa mjumbe asiyefaa. Penye manne ya kwanza bila hilo la tano, taa zitawaka, lakini chama kitakuwa kimerudi kuwa kampuni ya wachache.